Mashua Iliyoanikwa

Nilikosa usingizi. Jirani yangu hapa Wampembe kanunua mashua kuukuu ya tanga, kaianika juani. Nikimwambia, si ataniona mjuaji?

Baba, mkulima wa Izia, aliianika yake vilevile, kama mahindi. Wavuvi walimsifu: "Kausha zaidi, mzee!" Nikadhani wanatupenda. Sasa najua jua huachanisha mbao za mashua, nao walijua tangu mwanzo.

Alasiri ya kuishusha majini ilinuka rangi mbichi. Baba alitweka tanga, maji yakaingia kila upande.

"Mzee, panda mpunga humo!"

Ufuo mzima ulicheka, nami nikacheka. Baba alinitazama mimi tu.

Kulipokucha nilimwendea jirani, tukaizamisha mashua yake ukingoni ili mbao zivimbe.