Jiwe la Mlango wa Jikoni

Juzi, huku ughaibuni, kwenye basi la kutoka Winson Green kwenda mjini, mbele yangu waliketi bibi mmoja Mkenya na binti yake aliyevaa sare ya uuguzi. Binti alikuwa akimwonyesha video kwenye simu. Nyumba ya mlowezi wa Kizungu kule kwao, ambaye mama wa bibi alimpikia miaka mingi, siku hizi ni makumbusho.

"Mum, ona picha za familia yao zilivyojaa ukutani! Na vikombe!"

"Vikombe navijua. Nilichapwa kwa sababu ya kimoja. Ngoja tufike mlango wa nyuma."

Mlango ulipoonekana, bibi akainua kidole. "Simamisha hapo. Kwenye jiwe la hiyo ngazi mama alinoa visu mpaka likachimbika. Picha yake hatuna. Lile shimo ndiyo picha."

Binti akaikuza ile sehemu. Jiwe lilikuwa limepakwa saruji, laini kama meza.

"Wameliziba, Mum. Labda wageni walikuwa wakijikwaa."

Bibi alikipapasa kioo cha simu polepole mpaka kikazimika.

Nyumba ile imetunzwa vizuri, lazima niseme. Familia ya mlowezi ingali ukutani. Ya mpishi ilikuwa na shimo moja tu, nalo limezibwa ili mtu asijikwae.