Mtungi Usioitika

Pu.

Niliisikia sauti hiyo kabla sijageuka, na kabla sijageuka nilikuwa nimeshajua kwamba kuna jambo limeharibika. Ilikuwa sauti fupi, nzito, isiyo na mwangwi, kama ya mtu aliyegonga gunia la mahindi. Nilikuwa katika hema la vyombo vya udongo, kwenye soko la mafundi lililoandaliwa pale Suna, nikipanga vipeperushi nilivyoviandika mimi mwenyewe. Mwanamke mmoja wa makamo, kikapu begani, alikuwa ameinama juu ya mtungi wa kwanza mezani, kidole chake cha kati kimekunjwa. Akagonga wa pili. Pu. Akagonga wa tatu.

“Hii imekula nini?” aliwauliza wenzake wawili. “Mbona imenyamaza hivi?”

“Labda imeshiba,” mmoja akamjibu, nao wakacheka.

Kisha akainua macho kwenye bango lililoning’inia nyuma ya meza, lenye picha ya bibi mmoja aliyepakata mtungi. “Kumbe huyu mama wa Rusinga amezeeka mpaka mkono wake umezeeka,” alisema. “Mamangu alikuwa na mtungi ya huyu mama. Hiyo ukigonga, mbwa ya jirani inaamka.”

Bibi wa kwenye bango ndiye aliyenifundisha kugonga. Kwa sehemu kubwa ya mwaka nilikuwa nikivuka kutoka Mbita kwenda nyumbani kwake kisiwani Rusinga, nikifanya utafiti wa shahada yangu ya uzamili kuhusu wanawake wafinyanzi. Mimi ni mtu wa upande wa Wakuria, karibu na mpaka. Dholuo, lugha yake, naijua ya kununulia samaki tu. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, chake kikipita njia zake na changu kikipita njia za darasani. Nilimwita Dana, kama wajukuu zake wanavyomwita bibi yao. Yeye aliniita nyathina, mwanangu.

Siku ya kwanza kabisa alinikuta nimefungua daftari. “Unaandika nini na haujagonga?” aliniuliza. Akatoa mtungi majivuni, akaufuta, akaugonga chini ya shingo, na mtungi ule ukalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. “Mtungi mzuri inaitika,” alisema. “Ukiita mtu mzima na haitiki, si unajua kuna shida?” Ule ambao haukuitika aliuvunja yeye mwenyewe, papo hapo, ingawa machoni pangu ulikuwa mzima. Vigae vyake vilisagwa vikachanganywa na udongo mpya. Nilipomwuliza kwa nini asiuuze kwa mtu wa kupandia maua, alinitazama kama aliyetukanwa. “Hiyo ikienda kwa nyumba ya mtu, inaenda na jina langu.”

Ndiyo maana maneno ya yule mwanamke yalinifanya niviache vipeperushi. Halikuwa tena suala la chombo kibaya. Jina lilikuwa linavunjwa mbele yangu, hadharani, na mwenye jina hakuwapo kulitetea.

Kwa kawaida yangu, nilianza kutafuta maelezo yasiyomtuhumu mtu. Pengine ni meza. Mbao humeza sauti. Pengine ni unyevu. Niliinua mtungi mmoja, nikaushika kwa ukingo usiguse chochote, nikagonga. Pu. Ulikuwa mzito kupita kiasi. Nikaingiza mkono ndani: kitu cha kijivu, kikavu, kinachokwaruza. Ilikuwa simiti. Ubavuni palikuwa na mshono mwembamba pale nusu mbili za kalibu ya kumiminia simiti zilipokutana, na juu yake rangi ya kahawia iliyokuwa bado inanuka. Hapakuwa na doa hata moja la moshi, wakati mitungi ya Dana, inayochomwa kwa kuni na nyasi uwanjani, kila mmoja huwa na baka lake jeusi mahali pake.

Halafu nikaona jambo lililonikata maini. Dana hutumia mkono wa kushoto. Huviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, na alama zake hulalia kushoto. Kwenye kipeperushi changu, mchapaji aliigeuza picha ili uso wa Dana uelekee kichwa cha habari, na kwa hiyo alama zikaonekana kulalia kulia. Niliona kosa hilo mapema, nikaliacha, nikidhani hakuna atakayejali. Alama za mitungi hii ya simiti zilichorwa kwa msumari, na zote zililalia kulia. Mtu aliketi na kipeperushi changu mkononi akaiga hata kosa langu.

Nilimpata mwenyekiti wa kamati iliyoandaa soko nyuma ya hema, akinywa soda. Nilimwuliza mitungi kumi na miwili ya Dana waliyoichukua Rusinga iko wapi.

“Punguza sauti, msomi wetu,” alisema. “Ilivunjika barabarani. Ajali ya kawaida.”

“Aliipakia mwenyewe. Kila mmoja alikuwa ameuweka juu ya kata, pete iliyosokotwa kwa majani ya migomba, na kuuzungushia nyasi kavu.”

“Nyasi tulitoa. Ilikuwa inachafua gari ya watu.”

Alilisema hilo bila haya, kama mtu anayeeleza jinsi alivyofagia. Nami nilikumbuka asubuhi ile, wiki moja kabla ya soko, Dana alipokuwa akisokomeza nyasi kati ya mitungi mpaka isionekane, akiniambia: “Usiruhusu watoe nyasi mpaka mfike.” Nilimwitikia, kisha nikatangulia kwa gari jingine kwa sababu nilikuwa na kikao. Na yeye alitaka kuja! Alitaka kuketi kando ya kazi yake. Kamati ndiyo iliyosema pikapu haina nafasi, na mimi ndiye niliyeupeleka ujumbe huo, nikaupamba kwa kumwambia kwamba mitungi yake ingemsemea.

“Sasa ulitaka tuweke vigae mezani?” mwenyekiti aliuliza. “Wageni walikuja kuona mtungi. Wameona mtungi.”

“Wameona simiti chini ya picha yake.”

“Na yeye yuko Rusinga. Atajulia wapi?” Akatua chupa. “Usiwe na moyo mwepesi hivyo. Hata ile barua ya kuthibitisha utafiti wako, si ni sisi tunaandika?”

Alipoondoka, niliona gunia limeegemezwa kwenye kigingi cha hema. Nililifungua. Hawakuwa wamejisumbua hata kuvitupa mbali. Nilichukua kigae kimoja kikubwa, sehemu ya bega la mtungi, chenye baka la moshi na alama zinazolalia kushoto, nikakitia kwenye mkoba wangu.

Ningependa kuandika kwamba nilimpigia Dana simu papo hapo. Sikumpigia. Nilizunguka soko zima nikiibeba simu mkononi kama kitu cha kuazima. Nilijiuliza kama nilikuwa na haki ya kumwumiza mtu kwa habari ambayo huenda asingeipata kamwe. Nilijiuliza kama hasira yangu ilikuwa ya haki au ilikuwa njia ya kuficha sehemu yangu. Niliifikiria barua ile pia. Nitakuwa mwongo nikisema sikuifikiria.

Lakini kila kibanda kilinisuta. Mzee wa vigoda vya miguu mitatu alikuwa ameketi juu ya kimoja, akimwalika kila anayepita aketi kabla ya kuuliza lolote. Wanawake wanaosuka vikapu vya gugumaji kutoka ziwani walikuwa wakivuta mishipi ya vikapu vyao kwa nguvu zote, wawili kwa wawili, ili watu waone haikatiki. Mama wa shanga, Mkuria mwenzangu, alikuwa akigombana na mteja kuhusu rangi, akimwambia, “Ukitaka ya kukaa kimya nenda kanunue ya dukani.” Kila kazi ilikuwa na mtu wake wa kuijibia. Meza moja tu ndiyo iliyokuwa na picha badala ya mtu, na ndiyo hiyo iliyodanganya.

Kutoka jukwaani, mshereheshaji alitangaza kwa kipaza sauti kwamba katika hema la vyombo vya udongo kuna kazi ya mikono halisi ya Rusinga, urithi wetu, fahari yetu. Niliyatambua maneno hayo. Yalikuwa yangu, aya ya pili ya kipeperushi. Niliposikia makofi yakipigwa, nilirudi hemani nikikimbia.

Yule mwanamke wa kikapu alikuwa bado pale, na sasa alikuwa amekusanya watu. Alikuwa akiwaonyesha. Pu. “Mnasikia? Ya Rusinga imekwisha. Afadhali ninunue jagi ya plastiki.” Wakacheka tena.

Nikapiga simu.

Iliita kwa muda mrefu, kisha kukaja sauti za kuku, na sauti yake, ya juu kama kawaida, kwa maana anaamini simu ni umbali wa kupigiwa kelele.

“Nyathina! Soko iko aje? Wanagonga?”

Nilikuwa nimeandaa sentensi tatu, zenye utangulizi, sababu na radhi. Hakuna hata moja iliyonijia.

“Dana, waliivunja,” nilisema. “Yote. Walitoa nyasi. Mimi sikuwa kwenye gari. Wameweka mingine ya simiti chini ya picha yako, wameichora alama zako, na mama mmoja hapa anawaambia watu mkono wako umezeeka.”

Kuku waliendelea. Nikamsikia akiwafukuza.

“Gonga nisikie,” alisema.

Nikaisogeza simu karibu na mtungi ulio mbele, nikagonga. Pu.

“Ai! Hiyo si mtungi,” alisema mara moja. “Hiyo ni ukuta.”

Kwa mbali nilimwona mwenyekiti akija upande wetu, akinipungia mkono nikate. Nikatoa kigae mkobani, nikakishika kwa ncha za vidole viwili, nikakigonga karibu na simu. Kilikuwa kipande tu, lakini kiliitika, sauti nyembamba na safi, na watu waliokuwa wakicheka wakageuka wote kutazama mkono wangu.

“Rudia,” alisema, nami nikakigonga tena.

“Hiyo ni yangu,” alisema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwenye simu. Kisha, kwa sauti yake ya kawaida: “Huyo mama anasema nimezeeka, yuko hapo?”

“Yuko, Dana. Yuko mbele yangu.”

“Mpe simu.”

Nikampa simu, na katika mkono wake wa pili nikamwekea kigae.