Shuka ya Paneli

Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti ya runinga yetu, nyumbani Makoko, ina miaka mingi na bado imo ndani ya mfuko wake. Kwa hiyo nilipompelekea mama mkwe paneli ya sola huko Butiama, apate kuchaji simu, niliifunika kwa plastiki nene inayoonyesha, ile ya kutandika mezani, nikaikaza pembe zote kwa waya. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeipandisha juu ya bati. Mkwe hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe wake.

Mwaka wa tatu simu ikaanza kuzima. Mama anaishi peke yake, na mke wangu humpigia kila asubuhi. Siku mbili zikapita hapatikani.

"Si unasomaga vitabu vya kemia?" mke wangu akasema. "Haya, kaisome simu ya mama."

Nikaondoka na shemeji, tukazungukia Bunda kununua betri mpya ya sola. Nilipofika Butiama nikaifunga, nikapima waya za paneli kwa mita: volti karibu zilezile za mwanzo. Nikaandika kwenye daftari langu la kemia, PANELI NZIMA, nikapiga mstari. Mtu aliyesoma ukurasa mmoja zaidi anajua kwamba hata kwenye mwanga hafifu paneli hutoa volti za kuridhisha. Kinachopungua ni mkondo wa umeme. Mkondo sikuupima.

Simu haikujaa. Nikalaumu waya, kisha nikalaumu simu. Mama mkwe alikuwa jikoni. Kwa heshima tunaongea kupitia shemeji, hata kama tunasikiana vizuri.

"Muulize mkwe, ile shuka ya juu ni ya nini?"

Shemeji akapanda. "Shemeji! Hii plastiki si ilikuwaga inaonyesha? Sasa ni chai ya rangi!"

Nikaketi. Jambo lenyewe lilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, na mchoro juu. Plastiki hiyo ni mnyororo mrefu wa kaboni zilizobeba klorini na haidrojeni. Mahali penye kasoro ndogo, jua na joto huung'oa klorini pamoja na haidrojeni, na pengo moja hulegeza jirani yake. Kaboni zinabaki zimeshikana kwa vifungo viwili-viwili na kimoja-kimoja, kwa kupokezana. Vikifuatana vya kutosha, elektroni hupata uwanja wa kutembea, nazo huanza kumeza mwanga wa buluu. Sisi tunabakiziwa manjano, baadaye kahawia. Nilikuwa nimeyaandika hayo wakati kifuniko changu mwenyewe kikiiva juu ya bati la mama mkwe, kikila jua lake.

"Kivue," nikasema.

Alasiri simu ilikuwa imejaa. Mama mkwe akampigia binti yake, kwa sauti ya kunifikia mimi uani.

"Nipo, mwanangu, mzima. Mumeo fundi kweli. Ameondoa alichokiweka."