Risasi Nzito za Arvella Tackett

Kwa miaka kumi na tisa Arvella Tackett aliuza risasi katika duka la shemeji yake Burl, kwenye bonde moja la milimani huko Kentaki, Marekani, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Alikuwa mjane wa mchimba makaa, miaka sitini na tatu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Mtu akiuliza achukue risasi gani, hakumzungusha.

"Chukua nzito. Greni mia na hamsini na nane. Marehemu mume wangu Clovis hakutumia nyingine."

Greni ndicho kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, na kwa Arvella mambo yaliishia hapo: kikiwa kizito, kinaumiza zaidi. Mtutu wa bastola uwe mrefu au mfupi, hakuuliza.

Asubuhi moja ya Machi, Delphia Ratliff, aliyepika naye kwenye jiko la kanisa, aliingia dukani na ndala miguuni, midomo imemkauka.

"Dada Arvella, nimempiga mbwa risasi."

"Mbwa wa nani?"

"Simjui. Ana kichaa, povu linamtoka. Kanifuata mpaka kwenye ngazi."

"Kafa?"

"Kafa, lakini si hapo hapo. Risasi imempitiliza. Imeingia kwa Mzee Orbin."

Arvella alimuuliza tena imeingia wapi. Mara ya kwanza alikuwa amesikia vizuri, ila masikio yalikataa.

Nyumba ya Orbin, jirani wa Delphia, ilikuwa ya bati jembamba, ile ya kuletwa na lori ikashushwa juu ya matofali. Askari alikuwa ameshapiga picha, akaandika maelezo na kwenda zake. Mzee alikuwa bado mezani, mbele yake bakuli la maharage na kipande cha mkate wa mahindi. Ukutani palikuwa na tundu la kuingia ncha ya kidole. Ukilifuata kwa macho, linapita juu ya kiti chake, usawa wa sikio, hadi kwenye mlango wa friji.

"Nilikuwa nimeinama kuokota kijiko," alisema Orbin. "Ningekula kistaarabu, saa hizi mngekuwa mnanitafutia suti."

Alicheka peke yake. Delphia alikaa sakafuni akaanza kulia bila sauti. Arvella aliichokoa risasi kwa kisu cha jikoni, akaiweka kiganjani. Risasi ile nzito aliyomuuzia Delphia ina tundu kwenye ncha ili ikigonga nyama ichanue, ipunguze mwendo, iishie humo humo. Hii haikuchanua hata kidogo. Ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani, tundu limejaa manyoya ya mbwa.

Aliifunga kwenye leso, akaitia mfukoni.

Jumamosi alipanga nyuma ya duka madumu ya maziwa yaliyojazwa maji, yasimame badala ya nyama, moja nyuma ya jingine, la mbele akalifunika vitambaa vya jinzi kuukuu. Nyuma ya madumu palikuwa na ukingo wa udongo. Kwanza alifyatua rivolva ya Clovis, bastola yenye mtutu wa inchi sita. Risasi ikalala kwenye dumu la nne, imechanua vizuri. Kisha akachukua ya Delphia, ya inchi mbili, ya kuwekwa kwenye mkoba, akaijaza risasi za boksi lile lile. Madumu yote sita yalitoboka na risasi ikazama kwenye udongo.

"Rudia," alisema Burl.

Alirudia mara tatu. Matokeo yakawa yale yale.

"Mtutu mfupi hauipi mbio," Burl alisema taratibu. "Haina mbio, haichanui."

Arvella alikaa juu ya ndoo. Akawa anawaona mmoja mmoja: mwalimu wa piano, muuguzi wa zamu, mapacha wa Stumbo, wote na bastola fupi, wote na boksi aliloliweka mwenyewe mikononi mwao huku akitabasamu.

Burl akaleta nyepesi kabisa, greni mia na kumi. Hiyo ilichanua upesi mno, ikakwama kwenye dumu la pili.

"Hii nayo haifiki popote, shemeji."

Ya katikati, mia na ishirini na tano, ndiyo iliyosimama kwenye dumu la nne kutoka mtutu ule mfupi. Walipojaribu kwenye ubao, wakaona pia kwamba ile nzito ilipiga juu ya alama kwa upana wa vidole vitatu. Hilo nalo Arvella hakuwahi kumwambia mtu.

Jumapili, ibada ilipokwisha, aliomba nafasi ya kusema. Burl alimshika mkono. "Utatufungisha duka." Arvella aliuondoa mkono wake, akasimama.

"Nimewauzia kitu nisichokijua," alisema. "Mwenye bastola fupi aje nayo dukani tuijaribu. Msininyamazie kwa kunionea aibu."

Jamaa mmoja wa benchi la nyuma akamtupia: "Kwa hiyo Clovis alikuwa hajui?"

"Clovis alijua bastola yake. Mimi ndiye sikuzijua zenu."

Watu thelathini na wanne walikuja. Wengine walinuna, wawili wakahamia duka la mji wa pili. Duka halikufungwa. Orbin hakuziba tundu lake. Alisema linamletea hewa, ila kiti alikihamishia upande wa pili, na Delphia akipita nje humwita mzee kwa sauti kwanza, ndipo asogee mlangoni.

Wateja waliokuwa wamehama bonde, Arvella aliwaandikia barua kwa mkono, kumi na moja. Majibu yalirudi mawili. Moja lilitoka kwa binti mmoja aliyehamia jimbo la Ohayo: "Asante, mama. Bastola nilishaiuza zamani. Sikuwahi kuifyatua hata mara moja." Arvella aliisoma amesimama kando ya sanduku la posta, akaisoma tena.