Fundi Earlene na nyaya nene za kigari cha Royce

Kabla hajagusa nati hata moja, Earlene Stubbs anavua saa ya mkononi na kuitia mfukoni. Anachomoa ufunguo wa kigari cha gofu kilicho mbele yake, kisha anainua kiti. Chini yake zimepangwa betri sita, zimeunganishwa kwa nyaya nyeusi nyembamba.

Anaziangalia kwa muda. "Nyaya hizi," anasema, "nimezichukia tangu siku ya kwanza."

Kiti alichokiinua kina kitambaa cha kijani alichokishona mwenyewe. Kigari hiki kiliwahi kuwa chake. Sasa ni cha Royce, aliyekuwa mumewe, na aliyekileta karakana asubuhi hii ni Twyla, mke mpya wa Royce. Twyla amesimama mlangoni, mkononi glasi mbili za chai ya barafu.

"Dada Earlene, nimekuletea na wewe. Sikujua unapenda sukari kiasi gani."

"Weka hapo, bibie. Asante."

Chai inakaa pale mpaka barafu yote inayeyuka.

Earlene ana miaka hamsini na tisa, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akitengeneza vigari vya umeme hapa Whitlock Falls, Georgia. Watu wa mji huu huenda kwa vigari kanisani, dukani na hata mazikoni, kwa vijia vinavyopita katikati ya misonobari. Mtu mwenye magoti mabovu, kigari chake kikizima, amefungiwa nyumbani. Ndiyo maana simu ya Earlene hailali.

Kazi anayoipenda kuliko zote ni kutoa nyaya za kiwandani na kuweka za shaba nene kama kidole gumba.

"Kigari kikipanda kilima, mota inataka umeme mwingi kwa mpigo mmoja," anaeleza. "Waya mwembamba unapata moto, nguvu inapotelea njiani. Ni sawa na kunywa maziwa mazito kwa mrija mwembamba. Unavuta mpaka mashavu yanauma."

Kwa miaka kumi na mmoja alimwomba Royce amruhusu azibadilishe nyaya za kigari chao. Royce alikataa.

"Kila tukifika kilima cha posta kinalegea, nashuka nasukuma. Fundi wa mji mzima nasukuma kigari changu, watu wananiona! Nikimwambia Royce, ananijibu, 'Earlene, si kinafika?'"

Waliachana miaka mitatu iliyopita. Hapakuwa na ugomvi mkubwa, anasema. Royce aliweka uma mezani, akasema amechoka, basi. Kigari alikichukua yeye kwa sababu ya magoti, Earlene akabaki na spana. Mwaka uliofuata Royce akamwoa Twyla, mwimbaji wa kwaya ya Wabaptisti.

Wiki iliyopita Twyla akapiga simu kuomba kubadilishiwa nyaya.

"Nikamuuliza, Royce amekubali? Akaniambia, 'Nilimtajia tukinywa kahawa, akasema sawa.'" Earlene anainua kidole kimoja cheusi kwa mafuta. "Kahawa! Mimi miaka kumi na mmoja, mwenzangu kikombe kimoja."

Kwenye benchi, mzee Hollis Peavy, mteja anayesubiri kigari chake, anacheka huku akimenya karanga za kuchemsha.

"Earlene, hiyo ni sawa na kumfulia mke mwenza shela la harusi."

"Hollis, kula karanga zako. Nikikuharibia kigari chako leo, utarudi nyumbani kwa magoti."

"Wivu huo, mama."

"Ni wivu, ndiyo. Nilikuambia ni kitu kingine?"

Anaanza kazi. Kwanza anaondoa waya mkuu wa upande wa hasi. Spana yake ameizungushia utepe wa plastiki ili isiguse vichwa viwili vya betri kwa pamoja na kurusha cheche. Anatoa waya mmoja, anasugua kichwa cha betri kwa brashi na maji ya magadi mpaka madini yake ya risasi yanang'aa, anaweka waya mnene, ndipo anahamia mwingine. Hazitoi nyaya zote kwa pamoja. Anasema amewahi kuona watu waliozitoa zote, wakazirudisha kinyume, wakaunguza kila kitu.

Waya mmoja wa zamani anaupitisha kwa mwandishi wa makala hii. Ganda la waya huo limebabuka na kukunjamana kwa joto karibu na kishikio cha betri.

"Royce alikuwa anaukalia waya huu," anasema. "Anakalia moto, na mimi namwambia."

Twyla anapotoka nje kupokea simu, Earlene anainama na kushusha sauti.

"Unajua, nati moja tu. Nikiiacha imelegea kidogo, wiki haiishi kichwa cha betri kinayeyuka. Wanabaki barabarani wote wawili na nguo zao za kanisani. Usiku nililiwaza hilo, nikalala nacheka."

Anachukua spana ya kupimia nguvu na kuikaza nati hiyo. Anairudia. Anairudia tena.

"Usiandike kwamba nina moyo mzuri," anaonya. "Kikiharibika, Twyla atasema Earlene hajui kazi. Heri nife."

Mchana kazi imekwisha. Earlene anashika usukani, Twyla anaketi kando yake, mwandishi nyuma. Royce, aliyepewa lifti na jirani, amekubaliana na mkewe kuwasubiri juu ya kilima, kwenye benchi la posta.

Kigari kinafika chini ya kilima, kinapanda. Hakilegei, hakisitisiti. Earlene anakanyaga mpaka mwisho, na Twyla anashika kofia yake.

Royce, mtu mrefu mwenye fimbo, anasimama kwa shida.

"Kimekuja kama hakuna kilima!" anasema. "Twyla, mpenzi, wazo lako lilikuwa zuri sana."

Earlene anazima kigari. Uso umemwiva kwa hasira.

"Wazo langu?" anauliza Twyla. "Royce, mimi nyaya nazijulia wapi? Si wewe unayesema kila tukipanda hapa? 'Earlene aliniambia nibadilishe nyaya. Earlene alisema hivi. Earlene angekuwepo.' Nimechoka kupanda kilima hiki tukiwa watatu! Nikasema basi, huyo Earlene aje azibadilishe, nipumzike, nisilisikie tena jina lake."

Royce anatazama ncha ya fimbo yake.

"Niliona aibu kukuambia," anasema hatimaye, bila kuinua macho. "Ulikuwa sahihi muda wote, Earl."

Earlene anashuka kwenye kigari. Anamkabidhi Twyla ufunguo. "Wiki mbili zikipita kirudishe nikaze nati upya. Mwanzoni huwa zinalegea zenyewe. Usimwachie yeye akumbuke."

"Nitakileta mwenyewe, dada."

Royce anapopanda, Twyla anamshika kiwiko kwa mikono miwili, taratibu, hadi anakaa. Earlene anatazama mpaka mwisho, kisha anashuka kilima kwa miguu.

"Umesikia?" anamwambia mwandishi njiani. "Twyla alikuwa na wivu na mimi! Na bado alikuja na chai." Anacheka peke yake hatua kadhaa, halafu kicheko kinakatika. "Lakini umeona alivyomshika mkono. Mimi sikuwahi kumshika hivyo. Nilikuwa chini, nasukuma."

Nyuma ya karakana, chini ya turubai, kuna fremu ya kigari aliyoinunua kwenye mnada. Haina betri wala kiti. Anataka kiwe tayari kwa maandamano ya vigari ya Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani, yanayopita barabara ya shule mbele ya mji mzima. Nyaya zake amekwisha kuzikata, nene kuliko alizowahi kumwekea mteja yeyote, na rangi amechagua nyekundu.

Royce na Twyla hushiriki kila mwaka.

Je, ifikapo Julai wivu utakuwa umekwisha? anauliza mwandishi.

"Kwa nini uishe? Ndio unaoniamsha kuja kukiunda," anajibu Earlene, akifunua turubai. "Nitawapita palepale mbele ya shule. Na nikifika usawa wao, napiga honi."