Mama Aliyerudi Mahakamani Kusema Hajui

Jumanne nilipigiwa simu na dereva wa lori, rafiki yangu wa zamani, akaniambia kuwa mama aliyekuwa akitupikia nje ya geti la bandari la Kipevu amefariki nyumbani kwake Port Reitz. Nilikaa kitako. Wasomaji wa safu hii mnajua mimi si mwepesi wa kusifu watu, hasa waliokufa, maana hao husifiwa na kila mtu, hata waliokuwa wakiwakwepa walipokuwa hai. Huyu nitamsifu. Alikuwa mkali, akitukaripia tukiacha chakula, na shikamoo ya kubabaisha hakuiitikia. Lakini mtu jasiri kama yeye sijamwona.

Yote yalianza siku moja saa saba mchana, wafanyakazi wa bandari walipotoka kwenda kula. Kijana mmoja alichomwa kisu hatua chache kutoka kibandani kwake, akafa papo hapo. Mama aliona mgongo na upande wa uso wa mtu aliyetimua mbio, kofia ngumu kichwani na koti la kung'aa mwilini kama wenzake wote. Akamtaja: ni mteja wangu wa kila siku. Mahakamani hakuyumba. Jaji alimwamini kwa sababu hakuwa akizungumzia mgeni, bali mtu aliyemjua kama anavyozijua sufuria zake. Mteja akapewa kifungo cha maisha, naye akakata rufaa.

Rufaa ikiwa bado haijasikizwa, mchana mmoja mama alipakua sahani ya maharagwe yasiyo na pilipili, akampelekea mtu aliyeketi mwisho wa benchi. Mtu yule akashangaa, akasema hajaagiza kitu. Hapo mama akazinduka. Maharagwe yasiyo na pilipili yalikuwa chakula cha yule aliyefungwa. Kwa muda ule alikuwa amemwona kabisa, ameketi mahali pake, saa yake ileile, na kofia yake kichwani. Alinieleza alivyojiuliza papo hapo. Ikiwa macho yake yaliweza kumtoa mtu gerezani na kumketisha benchini, yangeshindwaje kumweka pale siku ya kisu?

Kesho yake alikwenda kwa wakili wa mfungwa. Wakili alimwonya kuwa huenda akashtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo.

"Sikusema uongo," akamjibu. "Nilisema nilichodhani nimekiona. Majaji nao wajue hivyo."

Majaji wa rufaa walikubali kumsikiza, nami nilikuwepo, kwani nilikuwa nikiandika habari za mahakama. Wakili wa serikali alimbana: je, yule mtu siye? Akasema hajui. Akaulizwa mara tatu, nne, jasho likimtiririka, akashikilia kuwa hajui. Nimewasikia mashahidi wengi wakiapa kuwa wameona kwa macho yao wenyewe, na wengi wao niliwaamini. Siku ile niliona haya. Sisi tunaoishi kwa kujuana hudhani kwamba mtu tunayemjua hatuwezi kumkosea, kumbe mazoea hutangulia mbele ya macho na kutuonyesha yule tuliyekuwa tukimtarajia. Majaji waliona hivyo pia. Walisema shahidi mkweli naye hukosea, wakamwachilia mfungwa.

Tulipotoka, mama wa kijana aliyeuawa alikuwa amesimama ukumbini. Wawili hao walikuwa wakiimba kwaya moja kanisani, na tangu habari za rufaa zienee hawakuwa wakisalimiana. Nilidhani atamtukana. Alimwuliza kwa sauti ndogo tu.

"Sasa ni nani aliyemuua mwanangu?"

"Sijui, dada yangu. Ningesema hivyo tangu mwanzo, wangeendelea kumtafuta."

Yule mama alilia, na wa kwetu akalia naye. Mpaka leo muuaji hajulikani. Tangu siku hiyo, kila nikitaka kuandika kwamba nina hakika na jambo, humkumbuka mama wa kijana aliyeuawa, ambaye sote tulimpa mtu wa kumchukia tukadhani tumempa haki.