Dakika Kumi na Mbili Bila Kukanyaga Chini

Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Brashi na ndoo zimeegemezwa ukutani, na mwenyewe yuko majini. Kinachoonekana kwanza ni kichwa, kimevikwa kofia nyekundu yenye namba moja na vikinga masikio viwili vikubwa kama vifuniko vya birika. Miguu inakoroga huko chini. Mikono iko juu.

"Dakika ya nne!" anapaza sauti mumewe, fundi baiskeli, aliyeketi ukingoni na saa ya ukutani mapajani. "Usiniangalie mimi, angalia mpira!"

"Mpira wenyewe uko wapi?"

"Jumamosi utauona. Koroga!"

Huyu ndiye Mama Bwawa. Ana miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na tisa amesugua vigae vya bwawa hili la kuogelea, akachuja uchafu, akapima dawa ya maji. Lakini kuogelea, hata siku moja. Mwaka wake wa pili kazini aliteleza akatumbukia kwenye kina kirefu, wakamvuta kwa mpini wa chujio. Tangu hapo upande ule akausafisha huku mkono mmoja umeshika reli.

"Nilikuwa naogopa mpaka vigae vyake," anasema, kisha anacheka mwenyewe.

Sasa golini alifikaje? Lawama zimwendee nahodha, muuguzi mwenye ulimi wa asali. Timu yake ya wanawake inacheza polo ya majini, ambapo kila upande huingiza watu saba: mlinda lango mmoja, na sita wa kukaba na kushambulia. Timu zenye uwezo huwa na wa akiba benchini. Benchi lao lilikuwa na taulo tu. Mlinda lango wao alipoumia bega wakabaki sita, na ligi yao ndogo haina huruma: ukishindwa kutimiza saba mara mbili, unatolewa.

Muuguzi akakumbuka sheria. Mchezaji wa kawaida hushika mpira kwa mkono mmoja, na haruhusiwi kukanyaga chini. Mlinda lango, akiwa karibu na goli lake, ana ruhusa ya mikono miwili na ya kusimama. Na goli moja la bwawa hili kuukuu liko mahali ambapo maji yanaishia kifuani.

"Akaniambia, 'Dada, wewe simama tu kama unavyosimama ukianika nguo,'" anasimulia Mama Bwawa. "Nikasimama."

Alisimama kweli. Katika robo mbili za kwanza, za dakika nane nane, alipangua mipira kumi na mmoja. Watazamaji, wote ishirini, walishangilia hadi sauti zikawakauka. Kisha mwamuzi akaashiria upande wa pili, kwani baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli.

Hilo hakuna aliyelikumbuka, hata muuguzi na sheria zake.

Kwenye kina kirefu Mama Bwawa alining'inia kwenye mwamba wa goli. Nayo ni faulo. Mwamuzi akamwonya mara mbili, kwa upole. Mara ya tatu akatoka mwenyewe, analia. Wenzake sita wakamaliza mechi peke yao, wakafungwa kumi na nne kwa tano. Kosa la kwanza likaandikwa.

"Hakuna aliyenisema. Heri wangenisema," anasema.

Kesho yake alimfuata muuguzi wodini. "Nikamwambia, maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga. Nifundishe."

Marudiano ni Jumamosi hii. Akishindwa kuelea, timu imekwisha. Saa ya mchezo husimama kila filimbi inapolia, kwa hiyo dakika nane za robo huwa ndefu, na muuguzi amempangia kumi na mbili. Siku ya kwanza alidumu sekunde arobaini. Juzi, dakika tisa.

Waamuzi hukagua kucha za wachezaji wasije wakakwaruzana. Zake hazimpi wasiwasi. "Dawa ya bwawa ilishazimaliza," anasema.

Ghafla kengele ya baiskeli inalia. Fundi ameileta mfukoni kwa ajili ya dakika hii moja, na sasa anaipiga kama kichaa.

"Kumi na mbili! Kumi na mbili, mke wangu!"

Mama Bwawa anasogea ukingoni akihema. Mumewe anamfunika taulo. Pembeni yao umelala ule mpini wa chujio, ambao mumewe huuweka hapo kila asubuhi, likitokea la kutokea.

"Kaurudishe stoo," Mama Bwawa anamwambia. "Jumamosi nisiuone."

Muuguzi anapofika, tayari amevaa sare ya kazi, anaulizwa swali moja: akipewa nafasi ya kuchagua upande, atachagua upi? Anajibu, bila kufikiri, ule wa kina kifupi.

"Hapana," anasema Mama Bwawa, akichukua brashi yake. "Tuanzie kule kwenye kina, nikiwa bado nina nguvu. Nataka nimalize nimesimama."